Kikwembe Mbavuni

Jumatatu, 6 Agosti 1956
Visigino ukutani. Mgongo ukutani. Kichwa hakifiki, vidole vitatu kati yake na mbao. Pumzi ndefu ishirini.

Alfajiri mgongo ni gogo. Nikitembea unalegea kidogo. Daktari aliandika jina refu la Kifaransa. Papa Silvestre, muuguzi wa dispanseri, akalifafanua: ugonjwa unawasha moto katika viungo vya mgongo, kisha unavigandisha. Mbavu nazo zinakamatwa, ndiyo maana pumzi yangu ni fupi. Dawa ya kweli ni mazoezi ya nyumbani, kila siku.

Alinipima kwa utepe wa fundi cherehani. Nikivuta pumzi, kifua kinapanuka sentimita mbili. Daktari anataka tatu, la sivyo hatatia sahihi cheti changu cha afya. Bila cheti sipewi darasa la kufundisha Kibati. Daktari anapita tarehe 31. Shule inafunguliwa tarehe 3 Septemba.

Sina hofu. Moyoni sina kitu chochote.

Ijumaa, 10 Agosti
Mama hayapendi mazoezi. Kwake mgonjwa hulala. Jirani alinikuta nimesimama ukutani.

"Mama Bernadeta, binti yako anasukuma nyumba ianguke?"

"Anajifunza kazi ya msumari," Mama akajibu.

Nilicheka. Kucheka kuliuma.

Jioni Mama alinizungushia kikwembe, kitambaa chake cha kujifunga kiunoni, mbavuni, akakaza kama wanavyofungwa wanawake waliotoka kujifungua.

"Mugongo yenye kuuma inafungwa, mutoto wangu. Mimi walinifunga, nikarudi shambani."

Maumivu yamepungua. Nitakivaa ndani ya gauni kila siku.

Jumamosi, 18 Agosti
Mbili. Papa Silvestre hupima juu ya gauni, kwa heshima. Alikunja utepe taratibu mno.

Jumapili, 19 Agosti
Nimeongeza hadi pumzi arobaini, asubuhi na jioni. Kanisani nilijaribu kuimba mstari mmoja kwa pumzi moja. Ulikatika katikati. Wengine waliendelea.

Mama amekaza fundo zaidi. Mimi ndiye niliyemwomba.

Jumamosi, 25 Agosti
Utepe wa Papa Silvestre ulikwama kwenye fundo.

"Mutoto, hii ni nini?"

"Kikwembe. Mama alinifunga."

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Akaketi. Akanituma nyuma ya pazia nikakifungue, akapima tena. Mbili na nusu.

"Wiki mbili unafundisha kifua kupanda, na wewe mwenyewe umekifunga kama muzigo wa kuni."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Miaka yote ya shule, na sikufikiri jambo dogo hivi. Nilifurahia tu kufungwa.

Zimebaki siku sita.

Jumapili, 26 Agosti
Nimemweleza Mama. Alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ulisimama hewani.

"Basi ni mimi."

Ningeweza kusema hapana. Sikusema. Akaendelea kutwanga.

Jumatano, 29 Agosti
Pumzi mia. Vumbi jeusi la barabara linaingia kooni, nakohoa, naanza upya. Bila kikwembe maumivu yamerudi yote. Mama na mimi hatusemeshani, isipokuwa kuhusu chumvi na maji.

Ijumaa, 31 Agosti
Mbili na nusu. Daktari alipima mara mbili. Papa Silvestre alimwomba apime mara ya tatu, akapima. Ileile. Daktari alisema kifua kinafunguka, niendelee, nirudi Desemba. Kalamu ilibaki mfukoni mwake.

Mchana masera, mtawa anayesimamia shule, alituma habari. Darasa la Kibati amepewa msichana wa Kalengera. Nilisoma naye. Ana mwandiko mzuri.

Sikulia. Niliosha sufuria.

Jumatatu, 3 Septemba
Leo wanafungua shule.

Niliamka mgongo ukiwa gogo. Nilikaa kitandani muda mrefu, sikuona sababu ya kwenda ukutani. Mama aliingia. Kile kikwembe alikuwa amekivaa kiunoni, kimefuliwa. Alikwenda ukutani yeye, akaweka visigino, akaweka mgongo, akaniangalia.

Nikaenda kusimama kando yake. Kichwa chake kinafika mbao. Changu bado, vidole viwili na nusu.

Alihesabu kwa Kinyarwanda, maana ndivyo anavyojua kuhesabu. Rimwe. Kabiri. Gatatu. Tulipumua pamoja. Alipofika ishirini nilidhani ataacha.

Hakuacha.