Ndoo Haitoki Juu ya Mlango, Baba

Pu. Soksi zilizokunjwa kuwa mpira zinatua ndani ya ndoo ya rangi, na kabla hatujafumbua macho tunajua ni binti yako, yuko koridoni anafanya mazoezi. Mwaka umetimia, Baba, tangu ututoke, na nyumba yako bado inaamka kwa sauti hiyo.

Ulikuwa fundi rangi. Ulipaka dari za watu bila kupanda ngazi, na jina la Dari likakuganda kazini na uwanjani. Jioni ulirudi na nukta nyeupe kwenye nyusi, ukatuita chini ya ile ndoo uliyoipigilia juu ya mlango, ukatuegemea kwa kifua kutoka nyuma. Hapo ndipo ulipotufundisha mpira wa kikapu: kumpa mpinzani mgongo, kusikia amelalia bega lipi, kugeukia lile jingine, kisha kuuachia mpira kwa mkono mmoja juu ya kichwa, taratibu, kama mtu anayetundika kofia.

Tulipoupiga ukuta kwa nguvu, ulisogea kukagua rangi. "Huo ndio ubao wenu," ulisema. "Si mlango wa jirani mliyegombana naye. Uguseni tu."

Mama akilalamikia kelele, ulimwambia, "Mke wangu, hii ni shule."

"Basi shule ifungwe, watoto wale."

Sasa wanasema shule yako imepitwa na wakati. Kocha mpya wa binti yako anataka warefu wapige kutoka mbali, na asiyebadilika kabla ya msimu kuanza ataachwa. "Mambo ya kukipa kikapu mgongo tuliyazika na baba yako," alimwambia.

Sisi ndio tuliokuzika. Tunajua tulichozika. Mkono wako haukuwemo.

Jumamosi, kwenye mechi ya kirafiki, kocha alimwingiza mwishoni. Binti yako akaenda kusimama palepale pako, chini ya kikapu. Beki aliyemkaba akacheka: "Dada, umepotea? Kikapu kiko nyuma yako."

"Nakijua kilipo. Kwetu kiko juu ya mlango."

Akamsikia amelalia bega la kushoto, akageukia kulia. Mpira uligusa ubao kidogo tu, ukazama bila kutikisa pete. Akarudia. Akarudia tena. Kocha hakupiga makofi. Alisema neno lake liko palepale. Na sisi letu liko palepale.

Tunaokukumbuka ni mama yako, mkeo, dada yako, na wanao wawili. Hatutakusahau, hata wakitubembeleza tukusahau. Haya tumeyasoma kwa sauti leo, sote tumesongamana koridoni, na tulipomaliza Bibi akamgeukia binti yako.

"Haya, mke mwenzangu, na wakikunyima jezi?"

"Jezi ni yao, Bibi, waichukue. Mkono ni wa Baba. Nakuahidi nitatupa hivihivi, hata ikibidi nirudi kwenye soksi."