Jogoo wa Kitabu Ambacho Hakijaisha

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nisipokuamkia nitakula kofi la hukohuko uliko.

Riwaya bado. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikaa kooni tangu tukuzike. Mhariri anataka mswada wote kabla ya mwezi huu kwisha, la sivyo nafasi yangu anapewa mwingine. Zimebaki sura tatu na siku kumi na moja. Leo nimekaa hapa Kihonda tangu asubuhi, nimeandika mistari minne, nimefuta mitano. Usiniulize nimewezaje.

Nina hasira na wewe, mama. Kila Jumapili ulipiga simu kutoka Mgeta, hata hujauliza nimekula nini: "Umemaliza?" Kana kwamba riwaya ni tuta la karoti! Siku ile nilichoka, nikakwambia nimemaliza. Nilitaka wiki moja tu ya amani. Ukapiga vigelegele mpaka sikio likaniuma. Kumbe hukuishia hapo. Ukamchinja yule jogoo mwekundu, ambaye hata mgeni wa heshima hukutaka amguse, ukaita majirani wale kwa ajili ya kitabu cha mwanao. Kitabu gani, mama? Wiki tatu baadaye ukaanguka kwenye njia ya kushukia malorini, na mzigo wa kabichi kichwani. Watu wananiambia nishukuru, ulikufa na furaha. Sishukuru.

Na msibani sikusitirika. Unamjua mtani wetu, Mzee Mloka. Alijilaza mlangoni, jeneza likakwama ndani. "Marehemu hatoki! Tulilishwa jogoo wa kitabu. Kitabu kiko wapi? Mwenye kitabu aje atusomee!" Watu wakacheka, maana mtani hanuniwi. Mimi nimekumbatia mkoba, na ndani yake sura kumi na mbili zisizo na mwisho. Ningesema kweli palepale. Nikasema kinachapwa. Uongo wa pili, mama, na wewe umelala hatua mbili kutoka kwangu. Mzee akainuka, akapisha.

Lakini hajaniachia. Kila Ijumaa ananipigia: "Jogoo wetu vipi, anawika?" Ijumaa iliyopita nilimpasulia. Hakuna kitabu, sijamaliza, nilimdanganya mama. Nikangoja anitukane. Badala yake akasema, "Mama yako alijua. Alisema mtu aliyemaliza kazi hana sauti ile. Akatuambia tule tu, aibu ya jogoo itakumalizisha."

Ulijua! Ukapiga vigelegele, ukagawa minofu, nami mjinga huku najiona mjanja. Nimelia, mama, nimekusonya, nimelia tena. Kwa nini hukuniambia "mwanangu, unanidanganya"? Ningekasirika siku mbili, ningeomba radhi, yangekwisha. Sasa namwomba nani?

Tangu Ijumaa hiyo naandika. Siandiki kwa moyo, usijidanganye, naandika kwa hasira. Jana kurasa sita, juzi nne. Leo ndiyo hivyo umesikia. Yule mwanamke wa kwenye riwaya bado yuko katikati ya mteremko na mzigo wake, na sijui nitamfikishaje chini akiwa hai. Lakini nitamfikisha. Nakuahidi, nikiandika mstari wa mwisho nitapanda Mgeta na jogoo mkononi, nitamchinja mwenyewe, na Mzee Mloka nitampa shingo.

Lala salama, mama. Leo ni Jumapili na simu haijaita, kwa hiyo najibu bila kuulizwa. Sijamaliza.

Mwanao,
Zena