Tisa ya Kobe

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya salamu nyingine yoyote, lipo jambo ambalo sijamwambia mtu, na nikiliacha mpaka mwisho wa barua najua nitalikwepa. Yule mhakiki wa gazetini anayejiita Kobe, uliyemwandikia mama kwamba ni kipofu na kwamba hata kuku angeuona ubovu wa ile gemu, yule uliyeniagiza nimtafute humu ofisini nimzabe kofi kwa niaba yako, ni mimi.

Sasa nakusalimu vizuri. Natumaini u mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana. Goti linamtaabisha kwenye ngazi lakini halijamzuia kuzipanda. Baba ni baba. Anawaambia majirani kwamba napokea simu katika ofisi ya gazeti, na kwamba hatimaye sauti yangu ndogo imepata kazi. Simu zipo kweli, ila si nyingi, na ndiyo maana Mhariri aliyeniajiri mara tu nilipomaliza shule alianza kunipa gemu za kujaribu kati ya simu moja na nyingine. Siku hizi ni simu ninazozipokea kati ya gemu moja na nyingine.

Tuko ghorofani, juu ya fundi wa miwani. Chumba kina mapazia mazito ili jua lisiangukie televisheni, na kochi ambalo springi yake imetokeza upande mmoja, kwa hiyo wote tunabanana upande wa pili kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Mhariri ni mama mfupi asiyepandisha sauti. Mwingine ni mhakiki tunayemwita Profesa, ambaye chuo kilimshinda ila vita vya kwenye skrini anavipiga kama aliyezaliwa navyo. Yeye ndiye aliyenibatiza Kobe, siku aliponikuta nimejibanza nyuma ya ukuta wakati jeshi langu lote linateketea.

Kazi yenyewe iko hivi. Watengenezaji hututumia gemu kabla haijaingia madukani. Unaicheza mpaka mwisho. Asiyefika mwisho haandiki. Kisha unakaa kwenye kigoda mbele ya wenzako, unataja alama yako juu ya kumi, nao wanaichokonoa. Profesa husema saba ni alama ya mtu asiyetaka kugombana. Mhariri ana swali moja tu: kama rafiki yako anaweza kununua gemu moja tu mwaka huu mzima, utamwambia anunue hii? Ukisita, alama inashuka.

Ilipokuja ile gemu, Ngome ya Chumvi, nikapewa mimi, nikiwa bado kwenye majaribio. Kama unavyojua, mle wewe ni mjumbe mwenye kifurushi, na lazima uvuke ngome iliyojaa walinzi. Nilipoulizwa swali la rafiki sikusita hata kidogo, kwa sababu rafiki niliyemfikiria ulikuwa wewe. Nikasema tisa. Nawe ukaisoma tisa yangu, ukanunua.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Mlinzi wa pili akianguka pale darajani, picha inaganda, na ukiwasha tena unajikuta langoni, mikono mitupu. Wasomaji walituandikia. Mmoja aliuliza kama Kobe alicheza au aliota. Mwingine alitaka kujua watengenezaji ni wajomba zangu au mashangazi. Mmoja aliandika kwa upole kabisa kwamba kobe ni mnyama mzuri na anafaa arudi kula majani. Ujumbe wako mama alinisomea jikoni huku akicheka. Bahati nzuri nilikuwa namenya vitunguu.

Ofisini Profesa aliijaribu gemu, ikaganda. Akaijaribu tena, ikaganda. Hapo akasema kile ambacho Mhariri alikuwa anakizunguka: kwamba Kobe hakucheza, alitazama video ya mtu na kuazima maneno. Kaka, kwetu hilo ni sawa na mwalimu kusahihisha mitihani bila kuisoma. Hakuna anayefukuzwa kwa alama mbovu. Kwa hilo unafukuzwa. Mhariri akaniuliza kama nilivuka daraja, nikasema nilivuka. Akaniuliza kama gemu haikuniganda, nikasema haikuganda. Profesa akasema labda kobe huyu ni wa majini, aliogelea. Mhariri akavuta pazia, akanipa padi ya kuchezea mkononi, akasema basi nivuke tena, wao wakiona.

Unanijua. Shuleni nikiitwa kusoma mbele ya darasa nilikuwa nasahau hata jina langu. Nikafanya nilichofanya mara ya kwanza. Sikuchomoa upanga. Niliteremka chini ya daraja, nikajibanza nyuma ya mapipa ya chumvi, nikaweka padi mapajani, nikangoja.

Profesa akasema tutazeekea humu, leteni mashuka. Fundi wa miwani, aliyekuwa amepanda kuomba sukari, akauliza kutoka mlangoni kama televisheni imekufa. Mhariri akawaambia wanyamaze wote wawili.

Ndipo walinzi wakaanza. Wasiposhambuliwa, wanachoka kusimama. Mmoja anaketi na kuvua viatu, anamwambia mwenzake kwamba vinambana kwa kuwa si vyake, amevirithi kwa mlinzi aliyekuwepo kabla. Mwenzake anasema yeye ana mtoto aliyeanza kutembea, ameambiwa tu, hajamwona. Yule wa viatu anamuuliza anatembeaje. Basi yule baba anainuka, ananyanyua mikono, anamwigiza mtoto, anayumba na kupepesuka mpaka mwisho wa daraja. Na kwa kuwa wote wawili wanatazama upande huo, mjumbe anapita.

Haikuganda. Fundi wa miwani aliondoka bila sukari. Profesa akasema asubuhi hiyo amewaua wale watu mara nyingi na hakujua kwamba wana midomo.

Nilidhani yameisha. Mhariri akasema ananiamini, lakini kuniamini si kukubaliana nami. Alisema nimeipima sawasawa gemu niliyoicheza mimi, ila mtu akipewa upanga langoni atautumia, na wengi walionunua walipewa upanga. Kwetu alama ikishachapwa haifutwi. Ila chini yake nilitakiwa niandike jinsi nilivyovuka, nini sikukiona, na kwa nini sikupigana, ili msomaji ajue tisa ile ni ya mtu wa namna gani. Nikiyaandika yote matatu kwa ukweli, nabaki mhakiki. Nikificha moja, narudi kwenye simu, na huko nitakaa.

Mawili niliyaandika kabla chai haijapoa. La tatu lilinishinda, kwa sababu jibu lake ni wewe.

Unakumbuka baba alipokuwa akikuita katikati ya vita? Ulikuwa unanipa padi, unasema usipigane, utatuua, jifiche tu mpaka nirudi. Nilikuwa hodari wa hilo. Hukurudi hata mara moja ukakuta tumekufa. Siku ile uliyogombana na baba ulinipa padi ukasema maneno yaleyale. Nikajificha nyuma ya lori bovu. Nilisikia mlango wa nje, nikamsikia mama analia, sikuinuka. Nilikaa nyuma ya lori lile mpaka baba alipoingia akachomoa waya ukutani. Tangu hapo sijui kucheza namna nyingine, kaka. Gemu yoyote ninayoingia, kwanza natafuta pa kujificha.

Sikuambii haya ili uumie. Viatu vilikuwa vinakubana, najua. Nakuambia kwa sababu nimeandika, na gazeti litakufikia. Niliandika kwamba aliyenifundisha kucheza aliniambia nijifiche mpaka arudi, na mimi bado namngoja. Hakuna jina. Mhariri aliisoma sentensi hiyo polepole, akaiacha kama ilivyo, akaniambia nikachague gemu inayofuata.

Kwa hiyo lile kofi naona nisijizabe kwanza. Ukipata nafasi, rudi darajani. Usichomoe upanga. Shuka chini kwenye mapipa, weka padi mapajani, usifanye lolote. Kisha uniandikie kama Kobe bado ni kipofu.

Mama atafurahi ukimuuliza juu ya goti. Baba hatakutumia salamu, ila barua zako huwa anazipangusa vumbi pale juu ya kabati.

Nakuomba siri. Baba anaamini ni gemu zilizokutoa nyumbani, kwa hiyo la kazi yangu nitamwambia mwenyewe nikipata sauti. Ukiteleza ukalisema, nitakusamehe. Lakini hili la lori ni letu. Watu watalisoma wasijue ni nani na nani. Tafadhali, libaki hivyo hivyo, usimwambie yeyote.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kobe