Dawa ya Kahawa kwenye Kidole cha Baba

Jumanne, mwezi wa saba. Gakindu.

Mlima haujaonekana leo. Ukungu umelala juu ya kahawa tangu asubuhi, na manyunyu haya ya baridi hayakatiki wala hayawi mvua ya maana. Nina hasira na nina hofu, na sijui ni ipi iliyotangulia.

Yote ni kwa sababu ya kidole gumba cha mguu wa kushoto wa baba mkwe wangu.

Kwa asiyetujua: mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Vihiga, nimeolewa hapa Mukurweini. Mume wangu ni polisi, yuko kazini Garissa. Mama mkwe alifariki kabla sijaolewa. Nyumbani tumebaki mimi, binti yangu Wangari aliyepewa jina la huyo nyanya yake, na Baba, mzee wa kahawa mwenye ugonjwa wa sukari na asiyependa kufundishwa kitu.

Wiki chache zilizopita Baba aliacha gambuti mlangoni, akaingia jikoni miguu mitupu. Nikaiona ile kucha. Ilikuwa ya manjano, imenenepa, ukingo wake unamomonyoka na umeanza kuachana na nyama. Sasa, jinsi mama yangu alivyonilea, mke wa mwana hamkodolei baba mkwe macho, sembuse miguu yake. Mkono simpi. Kiti chake sikikalii, hata akiwa shambani. Basi nikajikaza, nikasema huku naiangalia sufuria: Baba, hiyo kucha ina kuvu, twende tukaione na daktari.

Akacheka. Kuvu! Yeye amepigana na kuvu kwenye kahawa tangu mimi sijazaliwa, leo nimwambie habari ya kuvu? Nikadhani tumemaliza kwa utani.

Kumbe mzee alikuwa ameshapanga lake.

Jana nilimkuta ameketi kwenye benchi barazani, amevua soksi, na kidole chake ni cha bluu. Kwa siku kadhaa alikuwa akichukua ile dawa ya kopa, yaani shaba, tunayopulizia kahawa dhidi ya kuvu, anaikoroga iwe nzito, anajipaka kwenye kucha, anafunga na karatasi ya nailoni, kisha anavaa soksi na gambuti mpaka jioni. Hoja yake ilikuwa rahisi. Kinachoua kuvu kwenye tunda kitaua kuvu kwenye kucha. Nikiwa mkweli, kwa mtu aliyeokoa shamba zima kwa pampu mgongoni, hoja hiyo haikosi kichwa wala miguu.

Nilimlaumu hata hivyo. Nilifoka moyoni, kwa sababu mdomoni siwezi.

"Hii dawa haiumi hata kidogo," akaniambia, akijivuna. "Inashika pole pole."

Leo asubuhi niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikampeleka kliniki. Daktari ni msichana mdogo, mpole. Aliosha ile bluu kwa maji safi, na chini yake ngozi ilikuwa imebabuka, nyekundu, inatoa maji. Akamuuliza kama anasikia uchungu. Baba akasema hapana, kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema. Daktari hakutabasamu.

Akatoa kijiuzi chembamba cha plastiki.

"Mzee, funga macho. Nikikugusa, uniambie."

Baba akafumba. Daktari akagusa gumba. Akagusa unyayo, halafu vidole vingine. Baba ametulia tu, anangoja zamu yake.

"Si uanze, daktari," akasema.

Daktari akakiweka kile kijiuzi mezani, akanitazama mimi.

Sukari imeua hisia za miguu yake, ndivyo tulivyoelezwa. Dawa ilikuwa inamchoma siku zote hizo na yeye akihesabu kwamba haina makali. Kwanza ni kidonda: kimefungwa, amepewa vidonge, na turudi Ijumaa. Kidole kikivimba, kikianza kuwa cheusi, au akipata homa, tusingoje Ijumaa, twende moja kwa moja hospitali kubwa ya Nyeri. Kucha yenyewe inaweza kusubiri. Kipande chake kitapelekwa maabara, maana si kila kucha mbaya ni kuvu, na ikithibitika atapimwa ini kabla ya kuanzishiwa dawa ya kumeza. Ni dawa ya miezi, kwa vile kucha ya mguu huota taratibu sana.

Neno kukatwa daktari hakulitaja. Baba ndiye aliyelitaja, tukitoka nje, akiangalia barabara.

"Tawi likioza sana, unakata ndio mti ubaki."

Nikavitia vidonge vyake mkobani, tukashika njia ya nyumbani.

Nyumbani nimetupa kile kikata kucha tulichokuwa tukitumia sote, maana kuvu huhama hivyo. Nimekagua vidole vya Wangari, viko safi. Gambuti nimezipindua karibu na jiko zikauke ndani, na kuanzia leo soksi ni za kubadilishwa kila siku. Hayo ni mepesi. Zito ni lile alilosema daktari mwisho: mtu wa nyumbani lazima aitazame miguu yake kila jioni, chini na katikati ya vidole, aoshe ule usio na bandeji na aukaushe. Akauliza ni nani yuko nyumbani. Mimi na Baba sote wawili tuliangalia sakafu.

Nilimpigia mume wangu. Akasema tutafute jirani, mwanamume. Jirani wa kila jioni, mpaka lini?

Jioni nilipasha maji, nikayapima kwa kiwiko, nikaweka beseni mbele ya benchi. Baba akarudisha miguu nyuma.

"Wacha, mama Wangari. Wewe ni bibi ya kijana yangu."

Nikamwambia najua, Baba, na nikabaki nimepiga magoti. Baba akaugeuza uso ukutani na kuunyoosha mguu wa kulia. Nikaushika. Nikauosha, nikakausha kila uwazi kati ya vidole kwa taulo, nikautazama unyayo wote. Nilikuwa nikisikia aibu mpaka masikioni, nikimwomba Mungu na mama yangu wanisamehe.

"Umeanza?" akauliza, bado anaangalia ukuta.

Nilikuwa karibu kumaliza.

"Nimekushika, Baba," nikasema.

Alishusha mkono wake polepole, akaugusa wangu pale juu ya mguu wake, apate kujua nimemshika wapi. Sikuuondoa.

Kesho jioni nitapasha maji tena. Ijumaa sitaki kuifikiria.