Rukuu Ndefu ya Bagamoyo

Mke wangu Mama Zuhura,

Salamu kwako na kwa wote hapo Unguja. Nimefika Bagamoyo salama, na mgongo nao umefika. Mganga niliyemfuata ameniumika kwa pembe, akanikanda kwa mafuta ya nazi, kisha akanilaza kwenye mchanga wa moto kama muhogo. Maumivu hayajaondoka. Nikitembea wima, miguu inakufa ganzi. Nikiinama, napata nafuu.

Basi msikitini, nikisali sunna peke yangu, nikifika kwenye rukuu hukaa hapohapo nikapumzika. Wenyeji wakaniona, wakaanza kunong'ona kwamba amekuja mcha Mungu kutoka Unguja. Jana imamu wao alikuwa anaumwa, wakanisukuma mbele niwasalishe. Niliporukuu maumivu yakakatika, nami sikuwa na haraka ya kuinuka. Vijana nyuma yangu wakaanza kukohoa.

Baada ya sala akanijia mzee mmoja, mpagazi wa zamani, kajishika kiuno. Nikajua nitalaumiwa.

"Shekhe," akasema, "miguu yangu haijatulia hivi tangu niache kubeba pembe za ndovu. Kesho tusalishe tena."

Leo safu ya mbele ilikuwa ya wazee watupu.

Mganga ameungama kwamba mgongo huu haunyooki tena. Nishike mkongojo, niiname kidogo, nichokapo nikae. Kwa hiyo narudi. Ukiniona nashuka pwani nimeinama, usilie, ndivyo nisivyoumia. Inama kidogo nawe, tuonane uso kwa uso.

Mumeo