Geji Chini ya Kiti, Mpira Sikioni

Mpendwa Shangazi Awuor,

Nisaidie kabla sijashika spana, maana leo ni Jumatano, mashindano ni Jumamosi ya wiki ijayo, na jambo ninalotaka kulifanya nikishalifanya sitaweza kulirudisha.

Mimi ni fundi wa magari hapa Nakuru, nimefanya kazi katika gereji ya Mzee Jagdish tangu mwaka wa Uhuru, nilianza nikiosha vyuma kwa mafuta ya taa na sasa nafungua injini na kuifunga peke yangu, na kila ninachokijua nilifundishwa na huyo mzee, hata mtoto wangu wa kwanza alipougua ni yeye aliyetupeleka hospitali kwa gari lake, kwa hivyo Shangazi usifikiri namtakia mabaya.

Mzee hutuni injini kwa sikio. Anachukua kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mkono, ncha moja anaiweka kwenye mdomo wa kabureta na nyingine sikioni, anafumba macho, halafu anazungusha bisibisi kidogo kidogo mpaka hewa na petroli vikubaliane, na wakulima wa Molo na wa Subukia wanapita gereji zingine zote kumletea magari kwa sababu ya hilo sikio. Akimaliza anafunga boneti mwenyewe, anaipangusa kwa kitambaa chake cheupe, na kuanzia hapo hakuna mkono mwingine unaoruhusiwa kuifungua mpaka gari liende kazi yake na kurudi. Fundi mmoja aliifungua mara moja tu, aongeze maji, na kabla ya saa sita mchana alikuwa njiani na sanduku lake la spana.

Sasa Navin, kijana wa Mzee, ana gari la spoti la viti viwili lenye kabureta mbili, na amejiandikisha kwa mbio za kupanda mlima kutoka Subukia. Dada yake aliyeolewa Uingereza amemtumia geji mpya, ni kama saa yenye mshale mmoja, inavuta moshi wa ekzosi kwa kibomba chembamba na kukuonyesha kama injini inakula petroli nyingi kuliko hewa au hewa nyingi kuliko petroli, huku gari likitembea. Navin alipoitaja mezani baba yake alisukuma sahani kando akasema, “Mimi kwisha kufa, nyinyi nanunua saa ya kusikia injini?” Haikutajwa tena.

Shida ni kwamba Mzee hasikii vizuri, Shangazi. Tangu mvua za mwaka jana simu inalia yeye amekaa tu, na siku hizi mpira anauweka sikio la kushoto, ilhali miaka kumi na moja nimemwona akiuweka la kulia. Jumapili alipoenda gurdwara kusali mimi na Navin tuliingiza kile kibomba nyuma ya ekzosi tukapanda barabara ya Menengai, na mshale ukalala upande wa hewa nyingi kama mgonjwa. Nilipotoa plagi zilikuwa nyeupe kama chaki, na wewe labda hujui lakini weupe huo maana yake injini inaungua ndani kwa kukosa petroli, na kwa mlima ule wa Subukia itatoboka pistoni au injini ishike ghafla isizunguke, na ikishika kwenye kona magurudumu ya nyuma nayo yanashika, na upande mmoja wa barabara ile ni bonde tupu. Nikaziweka plagi mfukoni, nikafunga zingine, Mzee asizione.

Jumatatu Mzee akalituni gari kwa ajili ya mbio. Alisikiliza sana, zaidi ya kawaida yake, akazungusha, akarudisha, halafu akatoa mpira sikioni akanipa mimi, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaniuliza, “Kiplangat, wewe nasikia namna gani?” Nikasikiliza. Kabureta moja ilikuwa inapiga mluzi na nyingine inanong'ona tu. Nikasema, “Iko sawa kabisa, Mzee.” Akafunga boneti akaipangusa, akaipangusa tena, akaenda kunywa chai. Basi hayo yakapita.

Navin anataka Ijumaa ya kuamkia mbio, Mzee akienda nyumbani, nifungue boneti, nitoboe ekzosi nifunge geji chini ya kiti isionekane, nirekebishe kabureta kwa kufuata mshale, halafu nifunge na kupangusa kama hakuna aliyegusa, na yeye akishinda Mzee ataamini ni sikio lake. Mke wangu anasema niachane nayo kwa sababu si gari langu wala si mtoto wangu, na kazi nikiipoteza tutakula nini. Mimi nimeshaamua geji itafungwa, hapo sirudi nyuma hata kidogo, lakini moyo hautulii, kwa sababu nikimficha nimemfanya mjinga katika gereji yake mwenyewe na nikimwambia nimemvunja, nami nampenda yule mzee kama baba. Niambie nifanye lipi.

Wako,
Fundi Kiplangat, Nakuru

*

Kiplangat,

Barua yako nimeirusha mbele ya barua kumi na sita, zikiwemo za wanawake wawili wanaolia kuhusu mume mmoja, kwa hivyo keti unisikilize. Majina yenu nimeyabadilisha, na gereji sikuitaja. Lakini wewe na mimi tunaijua Nakuru. Gazeti hili linatoka Jumanne asubuhi, na kufikia saa nne kila mtu mwenye gari atakuwa anajua ni mzee gani huyo mwenye kipande cha mpira. Umelimwagia gazeti zima jambo ulilokuwa na haya ya kumwambia mtu mmoja aliye hatua tano kutoka benchi lako! Hayo umeyafanya tayari, na yanakupunguzia nafasi ya kujificha. Vizuri.

Na usiniambie labda sijui plagi nyeupe. Marehemu mume wangu aliendesha lori kati ya Nakuru na Kisumu miaka kumi na tisa, na nimekaa kando ya barabara pale Mau Summit na mtoto mgongoni nikimshikia tochi huku yeye akitafuta pistoni imetobokea wapi. Najua. Ndiyo maana barua yako imenitia baridi.

Kwanza nikupe haki yako. Umeamua geji ifungwe, na umeamua sawasawa. Mkeo ana sababu ya kuogopa, mpe pole zangu, lakini Navin akiingia bondeni kwa injini uliyoijua kuwa mbovu, huo mshahara utakuwa unaumeza namna gani?

Sasa nikukaripie. Plagi nyeupe ni za injini, mbona umezificha kama umeziiba? Heshima gani hiyo? Unasema unampenda Mzee kama baba, halafu unapanga kumwacha asimame mbele ya watu Jumamosi akipongezwa kwa sikio ambalo wewe na kijana wake mnajua halipo tena. Wiki moja baadaye analituni lori la mkulima kwa sikio lilelile, na geji ya kulificha hilo haipo. Utazunguka na bisibisi nyuma yake mpaka lini? Na huyo Navin mwambie kutoka kwangu kwamba mwanamume aliye tayari kupanda mlima ule kwa mwendo huo anaweza pia kusimama mbele ya baba yake. Asikutume wewe ukamdanganye kwa niaba yake.

Fanya hivi. Leo hii ukisoma hapa, usingoje kesho, nenda Mzee akiwa kwenye chai yake. Kaa upande wake wa kushoto, usipige kelele, mfanye akuone midomo. Weka zile plagi mezani mbele yake, zote, usiseme neno. Macho yake yangali mazima, hujaniandikia mahali popote kwamba haoni. Akishazitazama, weka geji kando yake, umwombe aifungue boneti kwa mkono wake mwenyewe, maana sheria ni yake na wa kuivunja ni yeye. Yeye ndiye achague pa kutoboa, na iwekwe pale kwenye dashibodi dereva anapoiona. Chini ya kiti ni upuuzi. Kisha akae kiti cha pili, Navin aendeshe, wapande mlima wote Mzee akiusoma mshale. Mtu aliyesikiliza hewa na petroli miaka yote hiyo ataielewa geji hiyo kabla wewe hujamaliza kumweleza.

Atakasirika. Huenda akakufukuza, na sitakudanganya kwamba hawezi. Ukifukuzwa, kabla hujabeba sanduku lako mpe Navin plagi moja mkononi, umwambie asiingie kwenye gari lile mpaka lirekebishwe. Anayekaa kwenye usukani ana haki hiyo.

Lakini sidhani utafukuzwa, na sababu umeniandikia mwenyewe halafu ukasema hayo yakapita. Mtu aliyeuhamisha mpira kutoka sikio la kulia hadi la kushoto anajua vizuri sana sikio lipi limekufa. Alijua kabla yako, akakaa nalo peke yake tangu mvua za mwaka jana. Kisha Jumatatu ile, kwa mara ya kwanza tangu akufundishe kushika spana, alikupa mpira wake akakuuliza unasikia nini. Unafikiri kilikuwa kipimo cha kukujaribu? Alikuwa anakuomba, Kiplangat. Ukamwambia iko sawa kabisa, naye akaipangusa ile boneti mara mbili, akaondoka.

Swali lake bado liko pale. Nenda ukalijibu.

Shangazi Awuor