Nani Aliyewasha Taa ya Mama

Mpendwa Mama Linet,

Nimekaa kwenye kiti chako, kile cha ukutani chini ya kisanduku, na cherehani nimeifunika ili isinishawishi. Kuna sare za shule zinanisubiri, lakini leo acha wazazi wanikasirikie. Nina habari ya kukupa, na katika boma hili hakuna mwingine ambaye angeielewa bila kuelezwa mara mbili.

Ile bodi yako ilianza kusema uongo.

Usishtuke, imepona. Nimeiponya mimi, huyu huyu mumeo uliyesema mikono yake inajua kitambaa tu. Lakini sitajisifu kabla sijakusifu wewe, maana kila nilichofanya nilikuta umeshanifikiria.

Nakumbuka Jumamosi ile ulipoileta kutoka chuoni, umeifunga kwenye gazeti kama samaki wa kukaanga. Ulikuwa umefundisha umeme pale Lurambi miaka mingi, na nilishazoea kuona nyaya zikizurura juu ya meza ya chakula. Hii lakini uliibeba kwa mikono miwili. Ulipofungua gazeti nikaona kibao cha kijani kinachoenea kiganjani, chipu nyeusi katikati, na safu mbili za pini pembeni. Nikakuuliza kinafanya nini.

"Hakifanyi kitu," ukasema. "Kinangoja kuambiwa."

Kisha ukanikalisha na kunifundisha kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Chipu haina macho wala mikono, ulisema. Ina poti tu, na kila pini ya poti ni mlango. Ukiufanya mlango wa kuingia, chipu inausikiliza: je, pale kuna umeme au hakuna? Ukiufanya mlango wa kutoka, chipu inautumia kutoa amri: washa, zima. Pini ni ile ile moja, lakini lazima uiambie mwanzoni kabisa mwa programu kwamba kazi yake ni ipi. Mimi nikawa na haraka zangu, nikashika waya ili tuone taa ikiwaka. Ukanigonga vidole kwa mpini wa bisibisi.

"Ingia au toka? Sema kwanza, ndiyo uguse waya."

Nilikucheka, lakini moyoni nilikuelewa kabisa. Mimi pia sitii mkasi kwenye kitambaa kabla sijajua kama nakata mguu wa kulia au wa kushoto. Ila nilidhani akili ya namna hiyo ilikuwa ya mafundi cherehani peke yetu.

Wakati huo mama yako alikuwa ameshahamia kwetu, na unajua maneno yaliyosemwa. Mama mkwe kukaa boma moja na mkwe wake! Wazee wangu walinijia wawili wawili, wanakohoa kwanza kabla ya kuanza. Wewe ukawaambia, tena kwa upole, kwamba mama yako halali peke yake kule Matungu na miguu ile iliyovimba, na kwamba kama kuna aibu, basi utaibeba wewe. Tukamjengea nyumba upande wa pili wa uwanja, mlango ukaangalia migombani ili tusigongane. Sisi tulilelewa hivyo. Mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, hawaingii chumba kimoja. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo ilikuwa na wewe katikati: wewe ndiye uliyebeba sahani, salamu, na malalamiko.

Taabu ni kwamba asubuhi uliondoka kwenda kufundisha, na mimi nashonea nyumbani. Siku ile aliyoamka na homa, nilishinda kwenye cherehani naimba nyimbo za kanisani, na mwenyewe nikidhani naimba vizuri. Ulirudi jioni ukamkuta kitandani, hata maji hajanywa. Alikuwa ameona haya kuniita, na hata angeniita, cherehani isingeniruhusu kusikia. Simu ile uliyomnunulia alikuwa ameiweka kabatini ikiwa imezimwa, isije ikaisha chaji. Na masikio yake ni mazito hata hivyo.

Hukumlaumu mtu. Ulikaa kwenye ngazi na viatu vyako vya kazini, kisha ukasema, "Hamtaki kuonana. Sawa. Basi mtaonana kwa taa."

Nilichimba mtaro wa kuvuka uwanja, nikilalamika kila jembe likigonga jiwe. Wewe ukapitisha nyaya ndani ya bomba, ukafunga bodi kwenye kisanduku cha mbao hapa ukutani. Pini nne tu. Swichi ya kufinya kando ya kitanda cha mama, hiyo inaingia. Taa nyekundu hapa juu ya cherehani, hiyo inatoka. Swichi yangu chini yake, inaingia. Taa ya kijani kwake, inatoka. Mama akifinya, nyekundu inawaka na haizimi mpaka nifinye yangu. Nikifinya, kijani inawaka kwake, ajue nimeona na ninakuja.

Nilikuambia kengele ya dukani ingetosha. Jibu lako bado ninalo: "Kengele inaita tu, na mama hataisikia. Mimi nataka anayeita aone amejibiwa."

Mama Linet, wewe ulikuwa mtu wa ajabu. Wengine wangekuwa na elimu yako wangetuambia tuache mambo ya zamani. Wewe ulichukua desturi yetu jinsi ilivyo, ukaipimia na kuishonea nguo inayoitosha.

Halafu ile rezista. Nilipoona unashika kitu kidogo kama punje ya mchele, chenye miguu miwili ya waya, nikauliza nacho ni cha nini. Ulisema pini ya kuingia ikiachwa hivi hivi, haijui iseme ndiyo au hapana, itasema chochote. Waya mrefu unaokota umeme wa hovyo, wa nyaya za nyumba, hata wa radi, na chipu itadhani mtu amefinya. Kwa hiyo rezista inaishika mkono ile pini iseme "hakuna mtu" mpaka mtu afinye kweli. Nilitikisa kichwa kama nimeelewa. Sikujua kwamba sentensi hiyo ningeihitaji siku moja kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia.

Siku ya kwanza mama alipofinya, nyekundu ikawaka. Nikafinya yangu. Kutoka ng'ambo ya uwanja tukamsikia akicheka, kile kicheko chake cha kujifunika mdomo. Wewe ukageukia ukuta ukijifanya unakaza skrubu, na skrubu ilikuwa imekazwa zamani.

Kisha ukatuacha. Matanga yakaisha, viti vya kukodi vikarudishwa, Linet akarudi kazini Eldoret. Boma likabaki na watu wawili wanaomlilia mtu mmoja, na hawaruhusiwi kukaa pamoja kulia.

Mvua ya masika ilipoanza, taa nyekundu ikawa inawaka mara kwa mara. Asubuhi, mchana, hata nikiwa nimetoka kwake sasa hivi. Nami nikawa nafinya, napika chai, naipeleka kwenye chupa, naiweka juu ya kigoda barazani pake, narudi nyuma na kugeuka upande. Mama yako anatoka, amejifunga kitambaa vizuri, anaichukua.

"Mvua imenyesha," anasema.

"Imenyesha kweli, mama."

Basi, ndiyo mazungumzo yetu. Lakini sikufichi, nilifarijika. Nilijiambia mama ana upweke, ananiita kwa sababu hana mwingine. Nikawa naamka mapema nitafute maziwa mazuri. Unanijua, mimi nikipata wa kumtumikia nalala usingizi.

Ndipo kaka yako Wycliffe akaja na pikapu kutoka Lugari kumchukua. Watu walikuwa wamemsema huko: dada yako hayupo tena, mama yenu bado anakaa kwa mkwe kufanya nini? Sikumlaumu. Lakini nilitaka abaki. Ningesema nini? Mkwe hamwombi mama mkwe abaki. Maneno hayo hata hayajatungwa.

Wycliffe aliingia kwa mama, akakaa sana, akatoka akinitazama kama amenikuta na kosa.

"Baba Linet, hii chai ni ya nini? Mama anasema unamleteanga chai mpaka anashindwa na obusuma, ugali wenyewe."

"Si ananiita mwenyewe! Taa inawaka."

"Yeye anasema ni wewe unamuita. Anaona ile ya kijani, anafunga kitambaa, anatoka. Ameniambia, 'Huyu mtoto wa watu hawezi kaa peke yake, wacha nikunywe tu.'"

Nilikaa. Hebu fikiria, Mama Linet. Wiki baada ya wiki mimi namhurumia yeye, yeye ananihurumia mimi, na kwa heshima hakuna anayeuliza. Mama wa watu amekunywa chai ambayo hakuiomba, kikombe juu ya kikombe, asije akaniumiza moyo.

Tukiwa bado tumekodoleana macho, nyekundu ikawaka. Wycliffe akachungulia dirishani. Mama yako alikuwa shambani anachuma mboga, mbali na kitanda, mbali na swichi. Wycliffe akavua kofia.

"Ni dada," akanong'ona. "Ni yeye anafinyanga hiyo swichi."

Nami nitakuambia ukweli, nilitaka iwe hivyo. Kama ningeiacha ile taa, ningekuwa na wewe kila siku ya mvua maisha yangu yote. Nilisimama pale nikiitazama, machozi yamenijaa, na ndipo nikahisi ule mpini wa bisibisi kwenye vidole vyangu. Ungenikasirikia kweli kweli. Kazi yako nzuri namna ile, halafu niigeuze mzimu!

"Si dada yako," nikamwambia. "Dada yako hakufinya kitu bila sababu. Ni pini haijashikwa."

Nikazima umeme kwanza, ulivyonifundisha. Nikafungua kisanduku. Sisimizi walikuwa wamehamia humo na mayai yao, kama vile nimewapangisha. Kwenye kila waya kulikuwa na utepe wako na mwandiko wako: INGIA, TOKA. Nikaufuata ule wa mama mpaka kwenye rezista yake, na mguu mmoja ulikuwa umeliwa na kutu, umekatika, unaning'inia. Nikageuza kifuniko nipate mwanga. Kwa ndani ulikuwa umebandika rezista nyingine mbili, mpya, zinangoja.

Ulijua. Ulijua kwamba siku moja kitu kitakatika na wewe hutakuwepo, na kwamba atakayefungua kisanduku ni mimi. Hukuniachia maneno ya kunifariji. Uliniachia kile kitu chenyewe nitakachokihitaji, mahali nitakapokiona. Nilicheka kwa sauti, Wycliffe akarudi nyuma hatua.

Nilichoma kidole gumba nikiyeyusha risasi ya kuunganishia waya, lakini nimeshona vifungo maisha yangu yote, kushika kitu kidogo mahali pake hakunishindi. Nikawasha umeme. Radi ikapiga upande wa msituni, mvua ikamwagika, mabati yakatetemeka. Taa ikabaki kimya.

Hapo ndipo furaha ilipoisha. Kwa sababu sasa nilijua: mama yako hakuwa ameniita. Upweke niliouhudumia kwa chai ulikuwa wangu mwenyewe. Mvua ilipopungua Wycliffe akaenda kupakia vitu, nikamwona akipita na magodoro, kisha kitanda. Nikakaa hapa kwenye kiti chako na kuitazama taa iliyokuwa inasema ukweli mtupu, hakuna mtu, hakuna mtu.

Ikawaka.

Nikasema nimeharibu kazi. Nikachukua mita yako ya kupimia umeme, nikagusa pini ya mama. Pini isiyoshikwa, namba hucheza. Hii ilikuwa imetulia sifuri, ndiyo namba ya swichi iliyofinywa, haitikisiki. Nikaendelea kuitazama. Kilikuwa kidole cha mtu, na kidole hicho kilikuwa hakitaki kuachia.

Nikafinya yangu. Nikavuka uwanja mikono mitupu, bila chupa. Mama yako alikuwa barazani, amegeuka upande kama inavyotakiwa, nami nikageuka upande wangu. Tukawa tunaongea na migomba.

"Leo ni mimi nimefinya," akasema.

"Nimeona, mama," nikasema kwa sauti kubwa.

"Chai sitaki."

"Sawa, mama."

Akakohoa kwanza.

"Ambia Wycliffe ashukishe kitanda yangu. Huko Lugari nikifinya ukuta, nani atanijibu?"

Kitanda kiko ndani, Mama Linet. Wycliffe alikishusha akinung'unika, akala kuku, akaondoka na pikapu tupu. Watu watasema, na mimi nitawashonea nguo wakiwa wanasema. Bado hatushikani mikono, mama na mimi. Bado nageuka upande. Lakini kati yetu kuna waya ulioupitisha wewe, na kila mlango una jina kwa mwandiko wako, na kila anayeita anajibiwa. Sijui mtu mwingine aliyeacha nyumba imepangika hivi. Ninakukosa sana. Ninajivunia wewe hata mbele ya sisimizi.

Nilitaka kukueleza pia jinsi mahindi uliyopanda yalivyokuja, lakini acha niishie hapa, mpenzi wangu. Lala salama. Nyekundu imewaka, hakuna mvua, na najua ni nani.

Mume wako,
Baba Linet